Kifua cha Baba Chiriku

Umeme ulikatika wakati chai inamiminwa, na muziki ukaendelea. Mke wa mtunzi alikuwa ameshika birika kwa kitambaa. Akamwambia mumewe apunguze redio, kichwa kilikuwa kinamgonga tangu alfajiri. Mumewe akanyoosha mkono hadi kwenye redio iliyokuwa juu ya friji, akakuta haijawashwa. Wakatega sikio wote wawili. Fidla mbili zilikuwa zikizungumza taratibu, moja ikiuliza na nyingine ikikawia kujibu, na zilikuwa zikitokea mahali fulani kati ya kifungo cha pili na cha tatu cha shati lake.

"Ni wewe," mkewe akasema.

"Inaelekea," akajibu, akavuta bakuli la sukari.

Alipoonja chai na kukuta ni ya moto, fidla zikashtuka kidogo. Alipoipuliza, zikatulia. Mkewe akamkumbusha achukue mwavuli, naye akaenda zake kazini kama kawaida, muziki ukimtangulia kwenye ngazi.

Kazi yake ilikuwa kutunga muziki wa redio, na alikuwa ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hapakuwa na mtu katika mji ule asiyebeba kipande chake kichwani bila kujua: muziki wa kufungulia taarifa ya habari, ule mfupi unaotangulia hali ya hewa, ule wa sabuni ya unga ambao akina mama waliufulia nguo na watoto wakautungia matusi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari, ni nzuri. Ukimuuliza za nyumbani, hawajambo. Mambo yake ya ndani aliyafungia huko huko ndani, na alikuwa ameyafungia muda mrefu kiasi kwamba hata yeye alipita mbele ya mlango ule bila kugonga.

Sasa yalikuwa yanatoka. Kwenye mkutano wa asubuhi mkurugenzi alieleza mpango mpya wa vipindi, na kadiri alivyoeleza, kifua cha mtunzi kilirudia sauti mbili zile zile, kama bomba linalovuja. Watu wakainamia karatasi zao ili wasicheke. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwomba kwa heshima akaketi kwenye korido. Alipofika huko, sauti mbili zile zikageuka ngoma ndogo ya kuchezeka, na mkutano mzima ukaisikia kupitia mlango.

Aliyeona faida yake ni fundi mitambo, rafiki yake wa siku nyingi, mtu mnene aliyetembea na bisibisi mfuko wa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu. Alimwingiza studio, chumba kidogo chenye trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi, akamfungua vifungo, akambandika kipaza sauti kifuani kwa plasta ya vidonda. Akamwambia afikirie mvua. Mtunzi akafikiria mvua. Fundi akasikiliza, akainua dole gumba. Tangu hapo mtunzi hakuandika tena noti hata moja. Akitakiwa muziki wa biskuti, anafikiria biskuti. Mkurugenzi alifurahi: hakuna tena kusubiri, hakuna wapiga ala wa kukodi, hakuna mazoezi. Alimpandisha cheo, na akaagiza kiti chake cha mikutano kihamishiwe korido moja kwa moja.

Mkewe alimpeleka kwa daktari, maana mtu hawezi kukaa tu. Daktari aliweka kipimo kifuani, akafumba macho, akabaki hivyo hadi wagonjwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Mwishowe akasema moyo ni mzima, mapafu mazima, ila kwa maoni yake sehemu ile ya ngoma ilikuwa ndefu mno. Akamshauri asipande ngazi mbio.

Taabu ilikuwa kwa majirani. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, mstaafu aliyependa kuja kueleza habari za goti lake, alikaribishwa kiti na kusikilizwa kwa adabu ile ile ya siku zote, lakini safari hii kifua cha mwenyeji kilipiga kitu cha polepole chenye miayo ndani yake. Mstaafu aliinuka, akaaga, akakaa kwake amenuna. Baadaye alirudi. Alisema kwingine kote hata hicho hapewi.

Mke wa mtunzi hakuuliza chochote. Aliogopa kusikia kifua kile kina nini juu yake, ingawa hakumwambia mtu. Mchana mmoja mumewe akiwa amekaa kwenye baraza dogo anamenya chungwa, alimwendea kwa nyuma, akajifanya anamwondoa uzi kwenye kola. Muziki ulibadilika pale pale, ukawa wa zamani, umechakaa viwikoni kama sweta, na mahali fulani uliruka hatua kama mtu anayechechemea. Lakini ulikuwa muziki, na ulikuwa wa kwake yeye, mke. Aliusikiliza wote. Kisha akaenda jikoni akaosha sahani zilizokuwa safi.

Sebuleni, kwenye ukuta wa kuelekea bafuni, ilining'inia picha ya mtoto wao wa kwanza. Alikuwa hajamaliza darasa la pili. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza: alikaa chini ya piano baba yake akifanya kazi, akisimulia kila kitu, mguu wa piano una vumbi, kiatu cha baba kimefunguka kamba, wimbo huu ni wa mtu anayepanda mlima akiwa na njaa. Alichukuliwa na homa katika juma moja la mvua. Baba yake hakulia. Watu walimsifu kwa ujasiri. Siku iliyofuata mazishi alikwenda kazini akatunga muziki wa dawa ya meno. Majirani waliendelea kumwita Baba Chiriku, na mkewe Mama Chiriku, kwa kuwa ndivyo walivyozoea na hakuna aliyeona sababu ya kubadilisha.

Basi siku mtunzi alipoinua macho kuitazama picha ile akipita kwenda kunawa, nyumba nzima ilisikika. Fidla, tarumbeta, zumari, ngoma kubwa na ndogo, na katikati yake filimbi moja iliyopiga mbiombio bila kupumua, kama mtoto anayesimulia. Hakuna aliyejua kwamba kifua kimoja kinaweza kuwa na wapiga ala wengi kiasi kile. Watu waliokuwa wanatoka sokoni walisimama chini ya dirisha na vikapu vyao. Mstaafu alilia akiwa ameshika goti. Mtunzi alibaki amesimama na taulo begani, uso wake mkavu kama siku zote, mpaka fundi mitambo alipofika na mashine zake.

Kituo kiliurusha muziki ule juma hilo hilo. Waziri alipofariki, ulipigwa. Basi la wanafunzi lilipopinduka, ulipigwa. Haukupita muda ukawa ndio muziki wa msiba wa nchi nzima, na mtu yeyote aliyefiwa alihisi umetungwa kwa ajili ya maiti wake.

Mtunzi alikuwa na mtoto mwingine, binti, aliyezaliwa mwaka uliofuata baada ya mazishi. Alikuwa fundi wa miwani. Alipanga chumba nyuma ya duka alilofanyia kazi, na kila Jumamosi alikuja nyumbani na vidonge vya baba yake vya shinikizo la damu, akamnyoa nywele, akamkata kucha za miguu kwa kuwa mzee hakuweza tena kuinama. Hakuna ambaye angeweza kumlaumu baba kwa lolote juu ya binti huyu. Ada alilipa kwa wakati. Viatu alimnunulia kabla vya zamani havijabana. Hakumpiga, hakumfokea, alifika kwenye kila kikao cha wazazi akakaa mstari wa mbele.

Jumamosi ya kwanza baada ya jambo lile kuanza, binti alikuja na mkasi wake na udadisi wake. Mama yake alikuwa amemhadithia kwa simu. Alipofungua mlango, nyumba ilikuwa kimya. Alimwamkia baba yake, naye akaitikia vizuri, akamuuliza za kazi. Kimya. Binti alimnyoa, akamfuta shingo, akaweka sikio mgongoni kwake kwa mzaha, kama alivyowahi kuona watoto wengine wakifanya.

"Mbona niliambiwa unapiga muziki, Baba?"

"Unakuja na kuondoka," mama yake akadakia. "Labda leo amechoka."

Akawaaga. Alikuwa amefika kwenye geti aliposikia fidla. Akarudi mbio ili asipitwe, na alipokanyaga ngazi fidla zikakatika. Akasimama mlangoni. Akarudi nyuma hadi getini: zikaanza. Akaja: zikakatika. Alifanya hivyo tena na tena, bila haraka, kama mtu anayejaribu swichi ya taa katika nyumba anayotaka kupanga. Wazazi wake walimwona kupitia dirisha. Kisha alifunga geti vizuri, kwa komeo, akaenda kupanda basi.

Mama yake alimfuata dukani siku ya pili yake. Alimpa maelezo mengi. Kwamba baba mtu ana umri. Kwamba huenda vyuma vya getini ndivyo vinavyoingilia. Binti alikuwa akifuta lenzi kwa kitambaa laini, akaziinua kwenye mwanga kuzitazama, akazifuta tena. Alimwambia mama yake asijisumbue kumtafutia maneno.

Fundi mitambo naye, ambaye alimpenda binti yule tangu akiwa mtoto, alijaribu kwa njia yake. Alipokuja kuchukua miwani yake mipya, alimweleza kwamba katika muziki kimya nacho kina kazi, kwamba watu wanaojua huandika vituo kwa makini kuliko hata sauti, kwamba huenda kwa baba yake yeye ndiye pumziko.

"Mzee wangu," binti akamwambia, akimrekebishia miwani puani, "kuna nyumba ambayo mtu yumo amenyamaza, na kuna nyumba ambayo hamna mtu. Ukisimama mlangoni unajua."

Fundi akasema miwani inamkaa vizuri, akaondoka.

Redio ya dukani ilikuwa juu ya kabati la fremu, na mwenye duka hakuruhusu izimwe. Kila ulipopigwa muziki wa Chiriku, wateja walilia, na macho yenye machozi hayapimiki. Binti alijifunza kuwakalisha wateja pembeni, akawapa karatasi laini, akasubiri hadi taarifa ya habari. Alikuwa amekwisha kuujua wote. Mahali filimbi inapoingia, alikuwa anaweka vifaa chini sekunde chache kabla. Kaka yake hakuwahi kumwona hata siku moja. Alichojua ni nguo zake, ambazo alizivaa utotoni zikiwa zimepunguzwa, na jina lake, ambalo watu walimwitia mama yake.

Mtunzi, kwa upande wake, alianza kujichunguza, kazi ambayo hakuizoea na hakuipenda. Alikaa kwenye piano yake, kifuniko kikiwa kimefungwa, akajaribu kumfikiria binti yake. Alimpata mara moja: uso, mikono, mkasi. Kifua hakikutoa kitu. Akajaribu kumkumbuka akiwa mdogo, akagundua kwamba kila alichokumbuka ni risiti: sare hii, koti lile, dawa ya kikohozi. Alimwendea mkewe jikoni akamuuliza binti yao alikuwa akiogopa nini utotoni. Mkewe akamwambia alikuwa akiogopa sauti ya choo kikivuta maji. Akamuuliza alipenda nini. Alipenda kulamba mihuri ya barua. Akaenda kukaa tena kwenye piano akiwa na hayo mawili, akayageuza na kuyageuza. Yalikuwa kumbukumbu za mkewe. Kifua kilijua.

Aliikumbuka siku ya kuzaliwa kwake, hiyo aliikumbuka vizuri. Alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, na ndani yake alikuwa amefunga mapatano, hajui na nani, kwamba kilichochukuliwa kitarudishwa. Muuguzi alifungua mlango akamwambia amepata binti, wote wawili wazima. Akasema ahsante, akaenda kazini. Alikuwa akimngoja mtu mwingine. Aliyekuja hakuwa yeye, na kwa kosa hilo baba hakumwadhibu kamwe, wala hakumsamehe.

Mchana mmoja alikwenda hadi mtaa wa duka la miwani, akasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza ya muuza magazeti. Barabara ilikuwa pana. Kupitia kioo alimwona binti yake amekaa kwenye benchi lake karibu na dirisha, amevaa koti jeupe, kichwa ameinamisha. Na kifua kikaanza. Ulikuwa muziki mwembamba, safi, wa kinanda peke yake, ambao hakuwahi kuusikia kwake. Muuza magazeti akatabasamu.  Mtunzi, kwa furaha, akashika ukingo wa meza. Kisha binti, aliyekuwa ameinua lenzi kuielekeza kwenye jua, aliiweka chini, na doa la mwanga lililokuwa likitembea ukutani nyuma yake likatoweka. Kinanda kikazimika. Binti alikuwa bado pale pale, amekaa, anajikuna shingo. Aliinua lenzi nyingine. Doa likarudi, na kinanda nacho. Mtunzi alinunua gazeti ili asiwe amesimama bure, akarudi nyumbani.

Mchumba wa binti alikuwa fundi wa lifti, kijana mrefu mwenye mikono ya grisi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Siku alipoletwa nyumbani kujitambulisha, binti alitoka hadi ng'ambo ya geti kuazima glasi kwa jirani, na papo hapo kifua cha mtunzi kikapiga tarumbeta za furaha, kwa kuwa alimpenda kijana yule mara tu alipomwona. Kijana aliona haya, akacheka. Binti alipotokea na sinia, tarumbeta zikakatika katikati. Kijana alitazama sinia, akamtazama mchumba wake, akainuka kumpokea.  Tangu siku ile alianza kupiga mluzi. Hakuwa na sikio la muziki hata kidogo. Alipiga mluzi akinawa, akifunga viatu, akining'inia kwenye mashimo ya lifti, na nyimbo zote zilitoka zimepinda. Binti hakumwomba hata mara moja aache.

Ilipokuja habari ya harusi, binti alimwambia mama yake kwamba mjomba ndiye atakayemwingiza ukumbini. Baba akasikia. Alimwita binti barazani, akamwambia kwamba kazi hiyo ni ya baba, na baba yupo hai.

"Watu watasikia, Baba," binti akasema.

"Watasikia nini?"

 Binti akamtazama mzee usoni, kisha akakubali.

Mtunzi akachukua karatasi na kalamu kwa mara ya kwanza tangu umeme ulipokatika wakati wa chai. Aliandika muziki wa kumwingiza binti yake ukumbini. Aliandika kwa akili, kwa kanuni alizojifunza ujanani, akifuta na kuandika upya, na muda wote kifua chake kilikaa kimya kama begi lililowekwa chini. Uliokamilika ulikuwa muziki mzuri. Kila kitu kilikaa mahali pake, kama kitanda cha hotelini. Wapiga ala wa kituo waliupiga bure, kwa heshima ya mzee, na fundi mitambo aliurekodi, akautia kwenye kisanduku kidogo chenye spika, akakishona ndani ya koti la suti, swichi ikitokea mfukoni. Alipomaliza kushona alimuuliza rafiki yake kama ana hakika. Mtunzi akasema hana njia nyingine.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Baba na binti walisimama mlangoni, mkono wa binti ndani ya mkono wa baba. Mtunzi akabonyeza swichi. Muziki ukapanda kutoka kifuani kwake, mpana, wa furaha, na watu waliokuwa wamekuja wakiwa na wasiwasi wakashusha pumzi. Mama alitoa leso. Mstaafu akamgusa kwa kiwiko mtu aliyekaa jirani yake, kwamba si unaona.

Walikuwa wamekwenda hatua chache binti alipoinama kumnyoosha baba yake kola. Mkono wake ukateremka ukagusa koti, ukakuta kisanduku, kina joto.

"Baba, zima."

"Watu wanatutazama, mwanangu."

"Najua. Zima tu."

Akazima. Wakatembea ukumbi mzima hivyo. Vilisikika viatu vya mzee, na pindo la gauni likifagia sakafu, na kiti kimoja, na mtu aliyekohoa akajuta. Binti ndiye aliyeshika mwendo. Hakuharakisha. Walipofika mbele alimsaidia baba yake kuketi, akamwekea mikono vizuri mapajani, akaenda kusimama na mume wake, na ukimya ukaendelea hadi mwisho wa shughuli. Watu wengi walisema hawajapata kuona harusi yenye heshima kama ile. Mwaka ule maharusi kadhaa waliomba nao waingizwe bila muziki.

Nje, magari yakiwa yanasubiri, mtunzi alimfuata binti yake hadi kwenye mlango wa gari. Alimwambia amejaribu.

"Najua, Baba," binti akasema. "Nimekuona ukijaribu tangu nikiwa mdogo."

Alimbusu shavuni, akaingia, akavuta pindo la gauni lisibanwe na mlango. Gari lilipokata kona, kifua cha mtunzi kilianza kulilia lile gari, au barabara, au mchana wenyewe uliokuwa unakwisha. Fundi mitambo, aliyekuwa karibu, alisikiliza kwa makini akitumaini, kisha akatikisa kichwa. Ulikuwa muziki wa Chiriku.

Binti alipata mtoto wa kike. Alimleta Jumamosi, amemfunga kwenye kitambaa cha njano, pamoja na vidonge na mkasi. Babu alipakatishwa mtoto, na nyumba ikawa kimya kama ilivyokuwa Jumamosi zote, na mtoto akawa analia. Binti akatoka uani kuanika nepi. Kamba ya nguo ilikuwa mbali kidogo, karibu na geti. Alikuwa ameshika pini mdomoni aliposikia.

Ulikuwa muziki mpya kabisa. Zilikuwa filimbi ndogondogo, nyingi, zikiamka moja baada ya nyingine, na chini yake kitu kama mtu mzima anayecheka akiwa amejiziba mdomo. Ndani, mtoto alinyamaza. Binti aliweka nepi begani, akasogea hatua moja kuelekea nyumba, muziki ukafifia. Akasogea nyingine, ukakatika, na mtoto akaangua kilio. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye geti. Filimbi zikaamka tena, na mtoto akatulia.

Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi yao. Kila Jumamosi alimnyoa baba yake, akamkata kucha, akampakatisha mtoto, akamwelekeza namna ya kumshika shingo. Kisha alijitwika mkoba begani, akashuka ngazi, akapita tangi la maji, akasimama nje ya geti, mgongo kwenye nguzo. Mama yake alimtolea kiti mara moja. Akasema ahsante, hakukikalia. Wapita njia walimsalimu, na wageni wa mtaa walimuuliza anamsubiri nani. Aliwaambia mwanawe yuko ndani na babu yake, anasikiliza muziki.

"Sasa mbona wewe huingii?" mwanamke mmoja mwenye kapu la vitunguu alimuuliza.

"Nikiingia unazimika," akamwambia, kama mtu aliyeulizwa saa akaisoma.

Mwanamke akasema "Ala!", akahamisha kapu mkono wa pili, akaenda zake. Binti akabaki. Ulikuwa muziki mzuri, hakuna awezaye kukataa. Aliusikiliza mpaka ulipoisha, kisha akaingia kumchukua mtoto.